Anayefuata Ashike Kioo

Mume wangu alikuwa kinyozi wa chuo. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi za bweni la wavulana, mahali ambapo hapo awali paliwekwa mafagio na ndoo. Dari lilishuka kwa mshazari, na mteja mrefu ilimbidi ainame kabla hajakaa. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa ukutani, soketi ya umeme iliyozungushiwa utepe wa gundi, na benchi refu la mbao lililoanzia mlangoni na kuishia karibu na kiti. Kazi yangu mimi ilikuwa taulo. Nilizifua nyumbani, nikazipiga pasi, nikampelekea, kisha nikabaki pale kufagia nywele mpaka jioni.

Waliokuja msibani walimsifu sana, na Mungu awabariki. Walisema alikuwa mtu mtulivu. Mimi niliyekula naye na kufanya kazi naye nasema hakuwa mtulivu. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alishika kufuli kwa mikono miwili akasali kimoyomoyo, na hata baada ya kusema amina aliendelea kulishika. Mashine aliijaribu kwanza mkononi mwake, ndiyo maana mkono wake wa kushoto haukuwa na vinyweleo. Mteja akikohoa, alidhani amemkata. Utulivu waliouona watu ulikuwa kazi aliyoifanya kila siku kwa nguvu za Mungu, na ilimchosha kuliko kunyoa.

Chuo kile kilikuwa na vijana wa kila rangi. Walikuwapo weusi kama sisi, weupe, wenye asili ya Asia, machotara, na wengine ambao ukiwaangalia hujui uwaweke wapi, na wala haikuhusu. Darasani ratiba iliwachanganya. Wakitoka darasani walijitenga wenyewe bila kuambiwa na mtu. Mgahawani kila kundi lilikuwa na meza zake, na mgeni akikosea meza hakufukuzwa, ila mazungumzo yalikatika mpaka aondoke.

Kwa mume wangu meza hazikuwapo. Kulikuwa na benchi tu. Ukiingia unakaa mwisho, upande wa mlangoni. Aliye kwenye kiti akimaliza, wote mnasogea. Hakuna kumwekea rafiki nafasi, hakuna kusema "mimi nipo na huyu". Na kulikuwa na jambo la kioo. Mume wangu aliwahi kuanguka na baiskeli, bega la kushoto likaharibika, akawa hawezi kuinua kile kioo kidogo cha kumwonyesha mtu kisogo chake. Kwa hiyo akaweka utaratibu: anayefuata kwenye benchi ndiye anayesimama na kumshikia mwenzake kioo. Tena haruhusiwi kunyamaza.

"Sema unachoona," alikuwa akimwambia. "Macho yangu mimi yameshazoea, yananidanganya."

Basi wale vijana ambao mgahawani hawakupeana hata chumvi, hapo walisimama mmoja nyuma ya mwingine na kukagua shingo: hapa pamebaki, hapa umezidisha, hapa kuna kipele usikiguse. Hakuna aliyekuwa amewapangia hivyo kwa hekima. Bega ndilo lililoumia.

Mwanzoni waliokuja walikuwa wenye nywele za kipilipili tu, maana ndizo alizojifunzia. Wenye nywele za singa walikwenda mjini. Wa kwanza wao kuingia alikuwa kijana mmoja mwenye asili ya Asia, mwembamba, nywele zake nyeusi zimemfunika macho. Alikuja mbio, siku hiyo alikuwa na kazi ya kuwasilisha mbele ya wahadhiri, na muda wa kwenda mjini hakuwa nao. Mume wangu akamkalisha. Akazilowanisha zile nywele, akazichana zikalala mpaka kwenye nyusi, akazikata palepale kwenye nyusi kwa mkasi. Kwa kipilipili, unapoacha nywele ndipo zinapobaki. Hakujua kwamba za singa zikiwa na maji hurefuka na zikikauka hurudi.

Aliyeshika kioo siku hiyo alikuwa kijana mweusi mkubwa, mchezaji wa nyuma wa timu ya mpira, ambaye chuo kizima kilimwita Beki. Yeye ndiye aliyeanza kuona.

"Fundi," alisema, "zinapanda."

"Nini zinapanda?"

"Nywele. Zinapanda kama pazia. Fundi, huyu mtu ana paji la uso hatukuliona!"

Benchi lote likaangua kicheko. Kijana akajitazama ukutani, akajishika kichwa.

"Fundi, umenimaliza."

"Zitashuka, mwanangu," mume wangu alisema, jasho likimtoka. "Zitashuka tu."

"Zitashuka mwezi gani?"

"Mwache bwana," Beki akasema. "Wahadhiri wataona akili zote ziko hapo mbele. Komwe hilo!"

Na tangu siku hiyo jina lake likawa Komwe. Nilidhani hatutamwona tena. Baada ya siku chache alirudi, akakaa mwisho wa benchi kwa utaratibu, akasema, "Wewe ndiye uliyeniharibu, utanitengeneza wewe. Sitaki kwenda mjini nikachekwe na mtu mwingine." Akawa anamwelekeza mume wangu jinsi vinyozi wa kwao wanavyofanya, na mume wangu akajifunza. Akaleta wenzake. Weupe nao wakaanza kuja. Beki na Komwe wakazoea kufika muda mmoja, nadhani kwa makusudi, ili wabishane kwenye benchi kuhusu mpira. Nilifurahi, lakini mume wangu alikuwa ananiambia njiani, "Mama watoto, mambo yakiwa mazuri hivi ndipo mimi ninapoogopa."

Kisha likaja lile jambo la uwanjani. Ilikuwa fainali ya mabweni. Mtu mmoja, hakuna aliyekubali ni nani, alipiga kelele neno baya kuhusu rangi ya mwenzake. Uwanjani waliamuliwa, lakini wakati wa chakula ugomvi ukaanza upya mgahawani. Sahani zikaruka, viti vikaruka. Ulipotulia, Komwe alikuwa amekaa sakafuni anatema damu, jino la mbele halipo. Wengine wakasema waliona ngumi ya Beki. Beki alikana. Kamati ya nidhamu ikaitwa ikae Jumatatu iliyofuata.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu kwetu. Vijana walikuja, wakachungulia mlangoni, wakaona vichwa vilivyoko kwenye benchi, wakarudi nyuma.

"Tutakuja baadaye, fundi. Wakipungua."

"Wakipungua akina nani?"

"Si unajua, fundi."

Mume wangu aliipangusa mashine iliyokuwa safi. Kuna wakati benchi lilikuwa tupu kabisa na sisi wawili tumekaa tunasikiliza viatu vinavyopanda ngazi juu ya vichwa vyetu, kila kishindo akiinua macho.

Katikati ya wiki akaja mlezi wa wanafunzi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mstaarabu, alinisalimia vizuri kabla ya kuongea na mume wangu.

"Fundi, nakuomba jambo dogo la usalama. Tenganisha siku. Hawa wawe na siku zao, wale wawe na siku zao, mpaka mambo yapoe. Bandika tangazo hapo mlangoni."

"Hawa ni akina nani, mkuu?"

"Fundi, usinitafutie maneno."

"Sitafuti maneno, mkuu. Nauliza ili nisikosee kuandika. Na machotara je?"

Mlezi alifuta miwani. "Utaangalia mwenyewe. Mimi wazazi wananipigia simu tangu asubuhi mpaka jioni. Humu ndani una nyembe, una mikasi. Likitokea la kutokea, nitasema nini? Jumatatu nataka nione tangazo. Nisipoliona, nitafunga chumba. Sipendi, lakini nitafunga."

Hakuwa mtu mbaya. Hofu aliyokuwa nayo ni ileile iliyokuwa mle ndani kwetu, ila yeye alikuwa na kufuli.

Nyumbani nilimwambia mume wangu aandike. "Baba watoto, bandika hilo tangazo. Watoto wako shule. Ukifungiwa chumba, utanyolea wapi?"

"Nikiandika, ndiyo basi tena," alisema. "Mambo ya kutengana hayapoi. Watu wanazoea."

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwepo siku hiyo. Akamsema waziwazi. "Wewe mdogo wangu una matatizo gani? Umeajiriwa kunyoa watu, hukuajiriwa kuwapatanisha. Wanyoe, walipe, waende."

"Dada, hata mimi ningependa iwe hivyo."

"Sasa?"

"Sasa sijui," alisema, akasukuma sahani. Usiku hakulala, na asubuhi alilishika kufuli kwa muda mrefu hadi nikamgusa mgongo.

Jumamosi Beki alikuja. Benchi lilikuwa tupu, akainama kukwepa dari, akaenda moja kwa moja kwenye kiti.

"Nipunguze vizuri, fundi. Jumatatu nasimama mbele ya wakubwa. Nisionekane muhuni."

"Hutaonekana muhuni."

"Wameshaniona tayari. Lakini nipunguze."

Mashine ilikuwa imefika nusu ya kichwa alipoingia Komwe. Alikuwa amefunga mdomo kama mtu anayeficha kitu ndani. Akamwona Beki kwenye kioo cha ukutani, na Beki akamwona. Nilishika ufagio. Nilidhani atageuka, na kwa kweli bega lake liligeuka, lakini miguu ikabaki. Naye alikuwa na Jumatatu yake. Angeitwa kutoa maelezo mbele ya watu walewale. Akakaa mwisho wa benchi, mlangoni.

"Sogea," mume wangu alisema bila kugeuka.

Akasogea kidogo.

"Sogea, mwanangu. Benchi halina mtu."

Akasogea mpaka karibu na kiti. Habari ilikuwa imeshatoka nje, sijui nani aliipeleka. Vijana wakaanza kujazana mlangoni, wa upande huu na wa upande ule, hawaingii wala hawaondoki. Mume wangu akazima mashine, akachukua wembe wa kuchonga shingo. Alisimama, akavuta pumzi, akaushikilia mkono wa kulia kwa ule wa kushoto wenye bega bovu, hivyo hivyo akachonga. Mimi nilikuwa nasali, na sikuwa na maneno, nilikuwa nasema tu Mungu wangu, Mungu wangu. Kwa yale yaliyokuwa yanasemwa chuoni, tone moja la damu lingetosha.

Damu haikutoka. Akampangusa Beki shingo kwa taulo, akasema kama alivyosema kila siku:

"Anayefuata ashike kioo."

Ikatoka sauti mlangoni: "Komwe, usimshikie!" Na nyingine, ya upande mwingine: "Usiruhusu akuguse, Beki! Atakupasulia hicho kioo kichwani!"

Mume wangu hakuwatazama. Alikuwa ameunyosha mkono wenye kioo, na kioo kilikuwa kinacheza mkononi mwake, mwanga wake unarukaruka darini. Komwe akasimama akakichukua. Nadhani alikichukua kwanza ili kiache kucheza. Akakiweka nyuma ya kichwa cha Beki.

"Sema unachoona."

"Naona kisogo."

Mtu mmoja mlangoni akacheka, akaacha.

"Kikoje?"

"Kushoto kumebaki. Chini ya sikio."

Lakini maneno hayakutoka hivyo. Lile pengo lilipitisha upepo, kila herufi ikapiga mluzi. Beki alikuwa hajamsikia akiongea tangu siku ya ugomvi. Akamtazama kupitia vioo viwili.

"Ndivyo unavyoongea sasa?"

"Ndivyo nilivyoachwa."

"Sikuwa mimi, Komwe."

"Sikuona aliyenipiga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Jumatatu nikiulizwa nitasema sijui."

"Sijui hainisaidii."

"Ndiyo niliyo nayo," Komwe alisema. "Sina nyingine."

Mume wangu akarekebisha ule upande wa kushoto. Beki akainuka, akalipa, akavaa kofia, akaelekea mlangoni. Komwe akakaa kwenye kiti. Mkasi ukafanya kazi, nywele nyeusi ndefu zikaanguka juu ya zile fupi za Beki ambazo nilikuwa sijazifagia. Mume wangu alipomaliza, akageukia benchi. Hapakuwa na mtu. Waliokuwa mlangoni walikuwa watazamaji, hakuna aliyekaa.

"Nangoja wa kioo," mume wangu alisema.

"Acha tu, fundi," Komwe alisema. "Iko sawa."

"Siwezi kukutoa hivyo. Sijui nyuma kukoje."

"Nishike mimi?" niliuliza.

Akatikisa kichwa. "Wewe hunyolewi hapa, mama watoto."

Akasimama pale, kioo mkononi, na mimi nikamkasirikia. Niliona ukaidi huu utatupeleka barabarani. Nilitaka nimnyang'anye kile kioo tuyamalize. Mlangoni walianza kunong'onezana, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Beki alikuwa amefika nje. Nilimwona amesimama, kofia ameivua, anaikunjakunja. Akasonya. Akarudi ndani, akainama kukwepa dari, akakaa mwisho kabisa wa benchi. Kisha akajiburuta kwa makalio yake, lijitu zima lile, benchi lote tangu mlangoni mpaka kwenye kiti, mbao zikilia. Akachukua kioo.

"Sema unachoona," mume wangu alimwambia.

Beki alikisogeza kioo chini kidogo. "Fundi, komwe limehamia nyuma."

Komwe akacheka kabla hajajizuia. Mdomo ukafunguka, pengo likaonekana na kila mtu, kisha akauziba kwa mkono. Baadhi ya waliokuwa mlangoni wakacheka naye. Baadhi hawakucheka, wakaondoka wakitukana, na sitawasingizia kwamba walibadilika baadaye. Lakini mmoja aliingia akakaa. Halafu mwingine, wa rangi nyingine, akatazama huku na huku, akakaa karibu yake.

Jumatatu Komwe alisema mbele ya kamati kwamba hajui aliyempiga. Beki alisimamishwa masomo mpaka mwisho wa muhula kwa sababu ya viti alivyorusha, na viti alikubali. Mlezi alifika mchana, kufuli jipya mkononi, bado liko kwenye kasha lake.

"Umeandika, fundi?"

"Sijaandika, mkuu."

"Kwa nini?"

Mume wangu alikuwa amejiandaa nyumbani maneno mengi mazuri, nilimsikia akiyasema bafuni. Yote yakapotea. "Nimeshindwa kujua niandike nini," alisema.

Mlezi akalitazama benchi. Siku hiyo lilikuwa na vijana, si wengi, na hawakufanana. Wote walikuwa wamenyamaza kama wako kanisani. Akalitia kufuli mfukoni.

"Nakupa muda wa majaribio," alisema. "Lakini nikisikia kelele, fundi, kelele moja tu, nafunga siku hiyohiyo."

Akaondoka. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mume wangu akaenda nyuma ya mlango akatapika kwenye ndoo.

Watu wanadhani hapo ndipo mambo yalipoisha, na kwa benchi kweli yaliisha vizuri. Lilijaa tena, taratibu. Beki aliporudi alikaa mwisho kama wengine. Lakini yale maneno, kelele moja tu, yalimwingia mume wangu yakajenga kiota. Kijana akipandisha sauti, alizima mashine. Wakibishana kuhusu mpira, alisema, "Polepole jamani, polepole." Kicheko kikitoka mpaka kwenye korido, alifunga mlango, na joto la mle ndani lilikuwa la kuoka mtu. Vijana wapya hawakumwelewa. Walimwita Mzee Polepole.

"Umeliokoa benchi halafu umeliziba mdomo," nilimwambia siku moja.

"Linyamaze, lakini libaki," alisema.

Muhula uliisha, mwingine ukaanza, na mwingine. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba majaribio yamekwisha. Nilimshauri aende kwa mlezi akaulize.

"Nikiuliza, nitamkumbusha," alisema. "Huenda amesahau. Akikumbuka itakuwaje?"

Daktari alisema ni shinikizo la damu, akampa dawa, akamwambia apunguze mawazo. Alizimeza dawa. Mawazo hakuwa na namna ya kuyapunguza. Alianguka nyumbani, mchana wa Jumapili tuliporudi ibadani, akiwa anakunja taulo pamoja nami. Taulo iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa imekunjwa nusu. Mungu alimchukua kabla hatujafika hospitali.

Vijana walikuja kuzika, wengi mno, waliopo na waliokwisha kuhitimu. Beki na Komwe walikuja, sasa ni watu wazima, Komwe na jino la bandia. Mlezi wa wanafunzi naye alikuja, amezeeka. Akanishika mikono miwili, akanipa pole, akasema chuo hakitapata fundi mwingine kama yule.

Nilikuwa sijapanga kumuuliza. Lilinitoka tu.

"Mkuu, yale majaribio yaliisha?"

"Majaribio gani, mama?"

Nikamkumbusha: ugomvi wa mgahawani, tangazo, kufuli, kelele moja. Alisikiliza, akawa anatafuta kichwani. Hatimaye uso ukamfunguka.

"Aa, lile? Mama, lile liliisha wiki ileile. Nilikuwa nimeshasahau. Kwani hakujua?"

Nilimwambia asante kwa kuja, akaenda kuketi. Nami kila asubuhi, nikipiga magoti, ombi langu la kwanza siku hizi si la watoto wala la riziki. Namwomba Mungu, maana sasa mume wangu yuko kwake, amfikishie ile habari.